Shafti ya 40, bushi ya 40: mashine ya mawese inakaza ikipata moto. Tatizo ni fundi, ni shaba, au ni maelezo ya kazi?

#1 Mwandiga Mawese

Wakuu, habari za jioni.

Nina mashine ya kukamua mawese, ile ya skrubu, inayoendeshwa na injini ya dizeli kwa mikanda. Shafti kuu ilikuwa imelika pale inapokaa kwenye bushi (ile pete inayoishika ikizunguka), nikaipeleka kwa fundi wa leti, yaani mashine ya kukereza vyuma, hapa Kigoma mjini anitengenezee shafti mpya na bushi mbili za shaba. Kwenye karatasi niliandika: shafti milimita 40, bushi 40 kwa ndani na 50 kwa nje, urefu kama za zamani. Za zamani nilimwachia.

Kazi ilitoka inang'aa. Tukafunga, ukiizungusha kwa mkono inateleza vizuri. Tukawasha. Mwanzoni safi kabisa, halafu mkanda ukaanza kulia, injini ikazidiwa, tukazima. Bushi ya upande wa kukamulia ilikuwa na moto huwezi kuweka kidole. Ikipoa, shafti inazunguka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi anasema vipimo viko sawa na amepima mbele yangu: shafti 39.98, bushi 40.02 kabla ya kuipiga kwenye hausingi (nyumba ya chuma inayoshika bushi). Kijana wangu wa mashine anasema shaba ni feki. Jirani anasema hausingi imepinda. Chikichi zinarundikana uwanjani na wateja wanazitoa kwenda kwa wengine.

Shida iko wapi? Na nikirudi kuchongesha, niandike nini ili fundi asibaki anakisia?

#2 Kigoma Ndogo

Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi hapa, na mimi nina ya kukoboa inakaza vilevile.

#3 Mkereza Vyuma

Mwandiga, pole kwa kazi kusimama msimu huu.

Shafti 39.98 na bushi 40.02 maana yake mchezo, yaani nafasi kati yao, ni 0.04. Kanuni ya mafundi wengi ni sehemu moja kwa elfu ya kipenyo, kwa hiyo kwa mili 40 ni hiyo 0.04. Kwenye karatasi fundi wako hajakosea. Lakini neno lenye uzito kwenye maelezo yako ni "kabla ya kuipiga kwenye hausingi". Bushi ilikuwa na kipimo gani kwa nje? Na tundu la hausingi je?

#4 Mwandiga Mawese

Fundi aliniambia nje ni 50.06, na tundu la hausingi ni 50. Alisema ameiacha nene kidogo ili ibane isizunguke.

#5 Mkereza Vyuma

Basi ndiyo hiyo. Bushi yako ina ukuta wa mili 5 tu. Ukiisukuma bushi ya 50.06 kwenye tundu la 50.00, ile 0.06 haipotei, inakwenda ndani. Bushi nyembamba kwenye hausingi nene hujibana karibu yote kuelekea kwenye shafti. Mchezo wako wa 0.04 umeliwa pale pale kwenye presi.

Bushi ya namna hiyo hupigwa kwanza, ndipo tundu la ndani linamaliziwa kwa rima (kisu cha kupanua tundu kidogo kidogo) au kwa kuchongwa upya ikiwa tayari imekaa. Kwenye karatasi iandikwe wazi: kipimo cha ndani ni baada ya bushi kupigwa kwenye hausingi. Usipoandika hivyo fundi atakupimia ikiwa mkononi na hatakuwa amekudanganya.

#6 Babu wa Reli

Nawasalimu kutoka Tabora. Mkereza, hesabu yako nzuri lakini haikubaliani na alichokisema mwenye mashine. Kama mchezo ulikuwa 0.04 na bushi imejibana 0.06, shafti isingeingia kabisa ikiwa baridi. Yeye anasema inateleza kwa mkono. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo, kilichokuja kuimaliza ni joto. Chuma kikipata moto kinavimba, shafti inavimba kwenda nje na tundu la bushi linavimba kwenda ndani, vinakutana. Nimeona hayo kwenye mashine za alizeti miaka yote.

#7 Chuo cha Mtaa

Shikamoo Babu. Kwenye joto uko sahihi, ila hapo kwenye tundu nakurekebisha kwa heshima. Tundu halivimbi kwenda ndani. Pete ikipashwa moto inakua yote, na tundu lake linakua pia, ndiyo maana tunapasha beringi moto ili iingie kwenye shafti.

Tatizo ni kwamba bushi ya mwenzetu haiko huru. Iko ndani ya hausingi nzito ya chuma cha kasti ambayo inachelewa kupata moto. Shaba nyeusi, ile iliyochanganywa na bati, hutanuka yapata sehemu 18 kwa milioni kwa kila digrii, chuma yapata 12. Joto likipanda digrii 50, shafti ya mili 40 inaongezeka kama 0.024. Bushi nayo inataka kukua zaidi ya shafti, lakini hausingi ya nje bado haijapata moto, inaikataza. Bushi haina pa kwenda ila ndani. Jumlisha na kile kilicholiwa na presi, hapo mchezo hauko.

Kwa hiyo mimi namchanganya Mkereza na Babu: presi ilipunguza, joto likamalizia.

#8 Mkereza Vyuma

Babu, shikamoo. Hoja yako kuhusu kuingia ikiwa baridi naikubali nusu. Hausingi nayo hufunguka kidogo, na tundu la hausingi lililotumika miaka mingi haliwezi kuwa 50.00 kila mahali. Linaweza kuwa 50.04 upande mmoja na 50.00 upande mwingine. Shafti inaingia, inateleza, lakini imebaki na uwazi wa kukwaruza tu. Nani alilipima tundu lile, na kwa kutumia nini? Venia ya kawaida, ile rula ya kupimia yenye midomo, inasoma 0.02 au 0.05. Ukiingiza midomo yake ndani ya tundu unapata kipimo cha mkono wako, si cha tundu.

#9 Dagaa wa Katonga

Wakuu, niongeze la majini. Boti yangu ya kubebea mizigo ina injini ya ndani. Nilichongesha bushi ya shafti ya panga kwa nailoni kwa sababu ni rahisi na haili shafti. Fundi akaiacha na mchezo mdogo mzuri, nchi kavu ilikuwa raha. Boti ikakaa majini, shafti ikakataa kuzunguka kabisa. Nailoni inakunywa maji na kuvimba. Tulikuja kuichonga upya tukiiacha pana kuliko mlivyokuwa mnaongea hapa. Kwa hiyo Mwandiga uliza pia bushi yako inakaa kwenye nini: mafuta, maji au vumbi.

#10 Kigoma Ndogo

Dagaa umeingiza boti kwenye uzi wa mawese, hata hujafunga kamba.

#11 Dagaa wa Katonga

Ziwa haliko mbali na huko Mwandiga (mahali, si mwenye uzi) unaponunua mawese, ndugu. Na bushi ni bushi.

#12 Mama Mise

Mimi nauza mawese na mafuta ya mise (kokwa za chikichi), sijui leti. Nina swali moja kwa mafundi: hiyo shaba inagusa mafuta? Wateja wangu wa Kasulu walirudisha madumu wakisema mafuta yanachacha mapema, na mwenye mashine alikuwa ametoka kubadilisha bushi.

#13 Chuo cha Mtaa

Dada, swali lako ni la msingi kuliko vipimo vyote hapo juu.

Shaba nyekundu hata kidogo sana ikiingia kwenye mafuta huharakisha kuchacha. Hilo linajulikana kwenye viwanda vya mafuta ya kula, ndiyo maana mapipa na mabomba yao ni ya stenlesi. La pili ni risasi, ile metali yenye sumu. Shaba nyingi za bushi zimetiwa risasi makusudi ili ziteleze na zichongeke kirahisi. Ile maarufu ya 85-5-5-5 ni shaba nyekundu 85, bati 5, risasi 5, zinki 5 kwa mia. Kwa pampu ya maji machafu haina neno. Kwa mahali ambapo mafuta ya kula yanapita juu ya bushi, mimi siiruhusu. Iko shaba ya bati na fosforasi isiyo na risasi, hiyo iandikwe kwa jina.

Ukiandika "bushi ya shaba" fundi ana haki ya kukuwekea chochote chenye rangi ya njano. Wengine wanatumia mabaki ya mabomba na makoki yaliyoyeyushwa. Hiyo ni shaba na zinki, inang'aa kuliko zote, na ndiyo inayokwaruza mapema ikikosa grisi.

Mwandiga, kijana wako aliyesema shaba feki usimdharau.

#14 Ujiji Asilia

Mama Mise usikimbilie bushi. Mafuta yanachacha kwa sababu chikichi zinalala siku nyingi zimepondeka ndipo zinachemshwa. Tunda likipondeka, tindikali inapanda hapo hapo, kabla halijafika kwenye mashine yoyote. Na mafuta yakibaki na maji kwenye dumu, ndiyo basi. Mimi nakamua kwa mashine ya mkono isiyo na bushi ya shaba na yaliwahi kuchacha.

#15 Mama Mise

Ujiji, zangu zinachemshwa siku ya pili ya kuvunwa. Lakini la maji kwenye dumu nitaliangalia. Asante. La bushi bado silitoi kichwani.

#16 Kijana wa Uvinza

Mwakeye wote. Mmetaja stenlesi, nami niseme kitu. Huku kwenye chumvi tulichongesha shafti ya pampu kwa "stenlesi", fundi akatuonyesha kwa sumaku kwamba haishiki, tukaamini. Haikumaliza muda, ikawa na vitundu vidogo vidogo kama imeliwa na mchwa. Kumbe stenlesi ni nyingi. Sisi tuliwekewa 304. Iliyotakiwa angalau ni 316, ile yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, inayovumilia chumvi zaidi.

#17 Babu wa Reli

Kijana, hata 316 kwenye maji ya chumvi nzito na ya moto inaliwa, inachelewa tu. Msije mkaandika 316 mkadhani mmemaliza.

#18 Mkereza Vyuma

Na sumaku haiwezi kutenganisha 304 na 316, zote mbili hazishiki. Tena 304 ikishapindwa au kuchongwa inaweza kuanza kushika kidogo ukasema ni feki wakati ni halali. Na iko 430, ni stenlesi kweli na inashika sumaku vizuri. Njia ya kuaminika ni kununua fimbo yenye namba imegongwa mwishoni na karatasi yake, na kumwambia fundi akate upande usio na namba.

Kingine kwa wenye stenlesi: boliti ya stenlesi na nati ya stenlesi hung'ang'aniana. Paka grisi maalumu, la sivyo utaikata kwa grainda.

#19 Mpasua Mbao Nguruka

Tumezungumza bushi, shafti yenyewe ni chuma gani? Mwandiga hakusema. Hapa Nguruka shafti nyingi zinatoka kwenye ekseli za malori yaliyokufa. Mashine yangu ya mbao ina moja na haijawahi kunisumbua.

#20 Mwandiga Mawese

Fundi alisema "chuma kigumu". Sikuuliza zaidi, yeye ndiye mwenye kujua vyuma.

#21 Mkereza Vyuma

"Chuma kigumu" si jina la chuma. Kwa shafti ya mashine kama yako nampa mteja EN8, chuma chenye kaboni kama asilimia 0.4. Kinachongeka, kina nguvu ya kutosha, na Dar kule Gerezani kinapatikana kwa kukatiwa. Chuma laini cha kawaida kitafanya kazi lakini kitalika mapema pale kwenye bushi.

Kama huna karatasi, gusa kwa grainda uangalie cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, hazipasuki sana. Kadiri kaboni inavyozidi, cheche zinafupika na kupasuka matawi mengi. Haikupi namba, lakini inakuambia kama umeuziwa nondo.

Ekseli ya lori ni chuma kizuri mno, nakubaliana na Nguruka. Ila ina mambo mawili. Ngozi yake ya juu imepikwa ikawa ngumu, inakula visu. Na imeshatumika, inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho.

#22 Ujiji Asilia

Kwani asingejazia ile shafti ya zamani kwa kuchomelea kisha ikachongwa tena 40? Bei nafuu.

#23 Babu wa Reli

Ujiji, ukijazia chuma laini sawa. Ukijazia ekseli bila kuipasha kwanza na kuipoza taratibu, itakatika pembeni ya weldi. Na nikuambie ya mpunga. Mashine ya kukobolea ya jirani yangu ilikata shafti pale inapotoka mili 40 kwenda mili 35. Waliandika vipimo vyote sawa, hata toleransi (kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua). Hakuna aliyeandika kona iweje. Fundi akaiacha kali kama kisu, ufa ukaanzia hapo hapo. Iliyofuata waliandika kona iwe na mviringo wa mili 2, inadunda mpaka leo.

#24 Kigoma Ndogo

Babu hiyo ya kona naichukua. Sasa turudi kwenye swali la pili la mwenye uzi, aandike nini? Maana kila mtu anasema "andika", hakuna aliyeonyesha karatasi.

#25 Chuo cha Mtaa

Sawa. Ningekuwa mimi ndiye Mwandiga, karatasi ya shafti na bushi ningeiandika hivi, pamoja na mchoro wa mkono wenye vipimo vyote:

"Shafti: EN8, fimbo yenye namba. Mahali pa bushi, pande zote mbili, kipenyo 40, kisizidi 39.950 na kisipungue 39.911. Uso wa sehemu hizo uwe laini, usimalizwe kwa msasa. Sehemu nyingine zote za shafti, jumlisha au toa 0.3. Njia ya kii (kipande kinachofunga puli na shafti) upana 12, kina 5 kwenye shafti. Kona zote pale kipenyo kinapobadilika mviringo wa mili 2. Shafti nzima isipinde zaidi ya 0.05 ikizungushwa kwenye senta.

Bushi: shaba ya bati na fosforasi, isiyo na risasi. Nje ibane kwenye hausingi iliyoletwa, fundi apime tundu kwanza. Ndani, BAADA ya kupigwa, kuanzia 40.000 hadi 40.039. Mfereji mmoja wa grisi, usifike mwisho wa bushi. Kazi inafanya kazi kwenye joto na mafuta ya kula."

Hizo namba za shafti na tundu sikuzitoa mfukoni. Ni H8 (ya tundu) kwa e8 (ya shafti) kwenye jedwali la kimataifa la ISO 286, kwa vipenyo vya zaidi ya 30 hadi 50. Zinakupa mchezo usiopungua 0.05 na usiozidi 0.128. Kwa mashine ya mota safi ningetumia H7 kwa f7, mchezo 0.025 hadi 0.075, lakini mashine ya mawese ina joto na nyuzi nyuzi.

Na sentensi ya mwisho, ya kazi inayofanywa, ndiyo muhimu kuliko namba. Fundi akijua kuna joto na chakula, atakuuliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria.

#26 Fundi wa Mlango wa Nyuma

Mimi ni fundi wa leti, naomba nisikike. Karatasi ya Chuo ni nzuri na ningependa kila mteja aje nayo. Lakini tunachokutana nacho ni aina mbili. Mmoja anakuja na shafti iliyolika anasema "nitengenezee kama hii". Kama hii iliyolika? Anataka nichonge pamoja na ubovu wake? Wa pili ameona mtandaoni, anaandika 0.01 kila mahali, hadi urefu wa shafti, hadi tundu la boliti ya kufungia kava. Namwambia bei, anasema namwibia.

Toleransi ni pesa. Kuchonga kwa 0.3 napita mara moja. Kuchonga kwa 0.02 napita, nasubiri kipoe, napima, napita tena. Kwa 0.01 sina mashine ya kusaga chuma kwa jiwe hapa, itabidi iende Mwanza au Dar. Weka toleransi kali pale tu vitu viwili vinapokutana na kuzunguka au kubana. Kwingine kote andika ISO 2768 (kiwango cha kimataifa cha toleransi za kawaida) daraja la kati, ndiyo ile 0.3 ya Chuo kwa vipimo vya zaidi ya 30 hadi 120, na 0.2 kwa zaidi ya 6 hadi 30. Na kwa shafti ndefu inayozidi 120, daraja hilo hilo linatoa 0.5 hadi kwenye 400, kwa hiyo Chuo ukiandika 0.3 kwa urefu wote umeshambana fundi bila sababu.

Kuhusu msasa, Chuo umegusa kweli. Shafti ikibaki 40.03 na fundi amechoka, anashika kipande cha msasa anakizungushia shafti ikiwa inakimbia. Kipimo kinashuka, uso unang'aa kama kioo, lakini pale vidole vilipokaa muda mrefu panakuwa pembamba na pembeni panabaki tumbo. Ukipima sehemu moja ni 39.98. Sehemu tatu, kila moja na lake. Mwandiga, fundi wako alipima mara ngapi kwenye urefu wa bushi?

#27 Mwandiga Mawese

Alipima katikati.

#28 Chuo cha Mtaa

Fundi wa Mlango, kwa urefu nimekubali, naondoa 0.3 naweka daraja la kati. Ahsante.

#29 Dagaa wa Katonga

Na nyuzi za boliti msisahau. Nilichongesha boliti ya kushikia kichwa cha injini ya zamani ya Lister, niliandika "nusu inchi". Ikaja yenye nyuzi 13 kwa inchi, ile ya Kimarekani, Lister inataka 12, ya Kiingereza iitwayo Whitworth. Inaingia mizunguko miwili halafu inakaba. Ukilazimisha unaharibu bloku. Pembe yenyewe ya uzi ni tofauti, Whitworth 55, nyingine 60. Tangu hapo napeleka nati ya zamani pamoja na karatasi.

#30 Ujiji Asilia

Lister kitu gani, meli ya Liemba ilitengenezwa Kigoma 1914 na Wajerumani bila ISO wala nini, na bado ipo.

#31 Babu wa Reli

Ujiji, sahihisha. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi Kigoma, maana reli ilifika huko 1914. Ikaunganishwa hapo na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Na ndiyo mfano wangu: vipande vilichongwa bara jingine, vikaja kukutana pwani ya Ziwa Tanganyika, matundu yakalingana na matundu. Bila michoro na vipimo vilivyokubaliwa hilo haliwezekani.

#32 Kigoma Ndogo

Ila waliikusanya kwanza huko huko kabla ya kuifungua, Babu. Kwa hiyo matundu yalishalingana kabla ya safari.

#33 Babu wa Reli

Kweli, na hiyo pia ni njia. Peleka hausingi yako kwa fundi akusanye mbele yako, ndipo uifungue uondoke.

#34 Mwandiga Mawese

Wakuu, nimefungua mashine leo asubuhi. Bushi ya upande wa kukamulia ina alama inayong'aa kwa ndani, lakini si pande zote. Inang'aa ukingo wa kulia kwa juu, na ukingo wa kushoto kwa chini. Katikati rangi ya kuchongwa bado ipo kabisa, unaona hata mistari ya kisu. Bushi ya upande wa puli haina alama ya maana. Na kwenye mfereji wa grisi nimekuta nyuzi za chikichi zimeshindiliana, zimekauka kama kamba.

#35 Kigoma Ndogo

Jirani mwenye hausingi iliyopinda ameshinda!

#36 Mkereza Vyuma

Taratibu. Ukingo mmoja juu na wa upande wa pili chini inaonyesha shafti na bushi havilandani, hilo nalikubali. Lakini kwa nini havilandani? Bushi ikipigwa kwa nyundo badala ya presi inaingia imelala. Hapo hausingi iko sawa, kosa ni la upigaji. Na bushi iliyolala inapunguza nafasi kwenye kingo mbili, kwa hiyo hoja yangu ya #5 bado iko.

#37 Jirani Mwenye Leveli

Mimi ndiye jirani anayesemwa. Fremu ya mashine ile ilichomelewa upya mwaka jana, mguu mmoja ukavutwa na moto wa weldi. Nilimwambia. Ukiweka leveli juu ya hausingi mbili, kiputo hakikai katikati kwa zote.

#38 Fundi wa Mlango wa Nyuma

Jirani, leveli ya fundi ujenzi haioni 0.1 kwa urefu wa hausingi. Ipitishe fimbo iliyonyooka kwenye bushi zote mbili kabla ya shafti. Ikipita kwa mkono bila kulazimishwa, fremu haina kosa. Ikikataa, legeza boliti za hausingi moja, iache ijipange, kisha utafute kipande cha bati cha kuweka chini yake.

Halafu zile nyuzi. Mnazipita haraka. Nyuzi kavu kwenye mfereji wa grisi maana yake grisi haikufika. Bushi ya shaba bila grisi, iwe na mchezo wowote, itapata moto. Huyu anahitaji sili (kizuizi cha uchafu) upande wa kukamulia, hata ya ngozi, kabla ya kuchonga chochote kipya.

#39 Chuo cha Mtaa

Sili sawa, lakini kama ukingo ndio umekwaruza, joto lilianzia ukingoni na grisi ikayeyuka baadaye. Nyuzi zinaweza kuwa zimefuata.

#40 Mama Mise

Mwandiga, bushi iliyotoka ina rangi gani ukiikwaruza kwa kisu? Ya njano kabisa au inaelekea wekundu?

#41 Mwandiga Mawese

Njano, Mama. Inayong'aa.

#42 Kijana wa Uvinza

Hiyo ni ya makoki.

#43 Babu wa Reli

Rangi peke yake haitoshi, shaba ya bati iliyochongwa upya nayo inang'aa. Mwandiga, kabla hujaipeleka popote, azima maikromita, kipimo chenye usahihi kuliko venia. Pima shafti mahali pa bushi sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, kila sehemu mara mbili kwa msalaba. Andika namba zote sita hapa. Na uliza fundi wako aliipiga bushi kwa presi au kwa nyundo.

#44 Mwandiga Mawese

Nyundo, Babu. Na kipande cha mbao. Maikromita nitaipata kwa mwalimu mmoja wa VETA keshokutwa, namba nitaziweka.